Ngata Niliyorudi Nayo kutoka Dar es Salaam

Baba yangu,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Shingo bado inakuuma? Mwalimu wa dini anasema huko hakuna maumivu, nami nasadiki, lakini nakuuliza hivyo hivyo, maana miaka yote hukuwahi kumgeukia mtu bila kugeuza na mabega. Sisi hatujambo, namshukuru Mungu. Mama macho yameisha kabisa, ila mdomo bado. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Vijana wanaacha pamba shambani wanakimbilia dhahabu ya Geita.

Baba, nilikwenda kukuona. Rebeka, mjukuu wako, alijifungua Dar es Salaam, mumewe anafanya kazi bandarini, nikapanda gari moshi Shinyanga kwenda kumwogeshea mtoto. Ngata yako, ile uliyobebea mizigo kichwani, niliifunga ndani ya kanga. Sikusahau ulivyoniambia siku zile za mwisho: "Serikali imetusimamisha kwa sanamu kule mjini, sisi tuliobeba vita ya Mjerumani na Mwingereza. Niwekee ngata yangu pale miguuni, ndipo nitakuwa nimetua." Na sheria yako ya upagazi ulitufundisha tangu utoto: aliyekutwika ndiye akutue, na safari haijaisha mpaka ngata itoke kichwani.

Nikavaa gauni la Jumapili. Njiani nikaharakisha kama ninayekwenda kukupokea stesheni.

Baba, aliyesimama pale si wewe.

Ni askari wa shaba, mrefu, ana buti, ameelekeza bunduki yenye singe mbele kama anayemchoma adui. Nikamtazama kichwani: kofia. Nikamtazama shingo: imenyooka! Nikasema labda uko upande wa pili. Nikazunguka, nikazunguka tena, watu wananitazama, uso wako sikuuona. Nikasoma maandishi kwa kidole, polepole, kama tulivyofundishwa misheni. Wapagazi mmetajwa, sitasema uongo. Mmesifiwa kwamba mlikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina hata moja hakuna. La kwako hakuna. La Ng'wandu, mwenzako aliyekufa kwa kuhara damu, ukamfunika majani kando ya njia huku sanduku la risasi li kichwani mwako kwa kuwa ulikatazwa kulitua, hakuna. Miguu na mikono! Mtu akiwa miguu na mikono tu, uso wake wameupeleka wapi?

Hata hivyo ahadi ni ahadi. Nikaiweka ngata chini, mbele ya jiwe alilosimamia, nikafumba macho, nikaanza Baba Yetu. Sijafika katikati, nikasikia ufagio. Msimamizi wa wafagiaji, kijana tu, amekwisha kuisukumia mtaroni. "Wee mama wa bara, takataka zako peleka kwenu!" Nikamwambia, mwanangu, hii ni ngata ya baba yangu, alibeba vita ile. "Alikuwa askari?" Nikasema, mpagazi. Akacheka, Baba. "Ah, hamali! Basi mpeleke Kariakoo sokoni, ndiko waliko wenzake."

Kariakoo ndiko anakokaa Rebeka. Ndiko mlikopigishwa kambi, ulitusimulia, hata jina la mahali pale limetokana na ninyi, na lile jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Kijana yule analitamka kila siku na hajui! Mungu anisamehe, nilitaka kumchapa kwa hiyo hiyo ngata. Nikashuka mtaroni na gauni langu la Jumapili, nikaiokota.

Nililia kwa hasira mpaka Tabora. Nikawa nawaza nimdanganye Mama, nimwambie umesimama pale na mzigo wako, unang'aa. Haoni, angeamini. Lakini aliponisikia tu mlangoni akauliza, "Umemwona?" Nikashindwa. Nikasema, nimemwona askari.

Mama akacheka kicheko chake kile unachokijua. "Nilimwambia baba yako. Watu ambao hawakumuuliza hata jina, uso wake wangeuchongaje?" Akaipapasa ngata, vidole vikaitambua. "Hii ni kaniki yangu. Niliisokota mimi, asubuhi ile walipokuja kuwafunga wanaume kamba. Waliomtwika hawaji. Lakini na mimi nilimtwika. Nipeleke."

Tulikwenda kaburini Jumapili, baada ya ibada. Mzee wa kanisa akakunja uso, akasema hayo ni mambo ya kipagani. Nikamjibu kwa adabu: mzee wangu, yule mtu wa Kirene naye alishurutishwa kuubeba msalaba wa Yesu, mzigo usio wake, na jina lake tunalisoma mpaka leo. Akaondoka zake. Mama akapiga magoti, akaiweka ngata upande wa kichwa. "Tua, baba Nyamizi. Umefika."

Mama ametulia tangu siku ile. Mimi bado. Nikisali nasamehe, nikiinuka hasira inanisubiri pale pale. Basi nakuahidi: nikijaliwa kurudi mjini nitasimama mbele ya yule wa shaba nilitaje jina lako kwa sauti, na la Ng'wandu, na wakitaka wanifagie na mimi. Mtoto wa Rebeka tumemwita Masanja, jina lako. Huyo atajua kuliandika.

Pumzika, Baba. Nami nakuomba unijibu upesi, hata kwa ndoto. Neno moja litanitosha: umetua?

Mwanao,
Nyamizi