Walinyamaza Nikiwa Mtoni

Alhamisi jioni

Sikusahau hadithi. Naandika hapa kwa sababu darasani sikuweza kusema hivyo.

Wiki jana, hapa chuo cha ualimu, Mwalimu Nathani alichora duara ubaoni: mtu anaondoka nyumbani, anapata taabu, anarudi amebadilika. Akasema tangu tupate uhuru nchi inataka walimu wasioogopa kusimama na kusema, na hadithi ya shujaa itatufundisha kujiamini. Leo ilikuwa zamu yangu.

Nilichukua hadithi ya kukhu, bibi yangu, ya msichana anayevuka mto kumtafuta ndugu yake. Kukhu akisimulia, kila sentensi sisi wajukuu tuliitikia "eee". Tukinyamaza, naye alinyamaza, akijua tumelala. Basi nilipomfikisha msichana mtoni, nikangoja. Wanachuo wote walikaa kimya, kalamu mkononi, kwa heshima. Nikangoja tena. Bila "eee" sikuweza kumvusha.

"Rasoa, umesahau?" mwalimu akauliza kwa upole. "Jiamini tu."

Nikajibu ndiyo, nimesahau. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nitarudia Alhamisi ijayo, na nikishindwa sitapelekwa Lugari kwa mazoezi ya kufundisha pamoja na wenzangu. Hadithi naijua yote, mpaka msichana anaporudi nyumbani. Lakini nitawaombaje watu wazima waniitikie kama wajukuu wa kukhu? Watacheka.

Kabla ya chakula nilijaribu peke yangu bwenini. Nilipofika mtoni nikajiitikia mwenyewe, eee, kwa sauti ndogo.

Msichana hakuvuka.