Muheme ni wa Akina Mama

Kizota, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na mbukwenyi kwa wote hapo Haneti. Goti lako linaendeleaje? Na uwele, mvua imeuhurumia? Mimi ni mzima, ila hasira ninazo.

Barua yako nimeipata. Umesema nisiringe, mpewa hachagui. Mama, safari hii nimechagua.

Unalijua darasa langu la ngoma: wagonga kokoto na mama lishe wa hapa, Jumamosi mchana, kwenye chumba cha kupanga. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulipiwa kujifunza chochote. Lile shirika lililoahidi kutulipia chumba na kutununulia ngoma mpya lilimtuma ofisa wake, bwana nadhifu mgeni wa huku, na kamera shingoni. Akawakuta wamekaa, ngoma wamezibana kati ya mapaja, wanapiga muheme, ngoma yetu wanawake wa Kigogo, kama ulivyonifundisha. Akashusha kamera.

"Madamu, hii picha wafadhili hawataielewa," akaniambia pembeni. "Ngoma wapige wanaume. Akina mama wacheze mbele, watabasamu. Mkibadilisha, hela inatoka."

Hapa nakuungamia, mama. Nilikubali. Niliona chumba kinatuponyoka. Nikavuka barabara hadi gereji, nikamwomba Chilewa, fundi wa kuchomelea milango, aje na wenzake wakae na ngoma siku moja tu, ya picha.

Chilewa akavua miwani yake ya kazi. "Dada, mimi ni Mgogo. Nikae na muheme mapajani, halafu picha imfikie mama yangu? Bora unichomelee mdomo!"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Niliona haya kwamba mtu wa gereji ameiheshimu ngoma yako kuliko mimi uliyenizaa.

Nikarudi, nikawaambia akina mama ukweli wote, pamoja na huko kukubali kwangu. Mama Mazoya, mkubwa wao, ambaye nyundo ya kokoto imemmaliza vidole, hakunikaripia. Alimgeukia yule ofisa.

"Mwanangu, tunashukuru. Hela yako nenda nayo. Sisi tumekaa hivi tangu bibi zetu."

Kisha akapiga, wengine wakaitikia, na bwana yule akautafuta mlango.

Chumba tumekirudisha kwa mwenyewe. Sasa tunafundishana uani kwa Mama Mazoya, vumbi na jua letu. Tukiitwa kwenye harusi au kipaimara tutatoza, tununue ngozi. Tukikosa ngozi tutapiga madebe. Ila kusimama tukichekea kamera huku ngoma zetu ziko kwa wengine, hapana.

Nisalimie baba mdogo huko kwenye ng'ombe, na dada yangu mkubwa na watoto wake. Mjomba, mzee wa kanisa, aliyesema ngoma si kazi, mwambie namwamkia, na kazi inaendelea.

Jambo moja la mwisho. Kuna mapigo ya mavuno niliyoyaacha nusu nilipokimbilia mjini. Akina mama wananiuliza yanamalizikaje, nami sijui. Panda basi, mama, uje. Kama ni kunigombeza kwa ukaidi, nigombeze mbele yao wote, lakini ukiwa umekaa, na ngoma mapajani.

Mwanao,
Sechelela,
mwalimu wa darasa lisilo na mfadhili