Suti ya Mpira Mbele ya Mama Mkwe

Mama Atieno,

Nakusalimu kutoka kwenu Kericho, asubuhi jua na saa nane mvua. Leo ndugu yako Kiprono alinipeleka kuendesha kayaki kwenye bwawa la shamba la chai. Alinipa suti ya mpira ya kuzuia baridi, ile inayobana mwili wote. Ningeivaa, lakini mamako alikuwa amekuja kututazama, amekaa pale kwenye nyasi. Nisimame na tumbo hili mbele ya mama mkwe? Nikavaa jinzi na ile sweta nzito aliyonifumia yeye, na jaketi ya kuelea juu yake.

Kayaki ilipinduka. Maji ya huku si kama ya ziwa letu, yalinikata pumzi kabisa. Kiprono alinivuta hadi ukingoni nikitetemeka, sweta imevutika mpaka magotini. Mamako alinivua hiyo sweta mwenyewe, akanifunga leso yake, akasema polepole, "Ungevaa tu ile suti, Baba Atieno. Ningeangalia kando."

Sasa amekaa karibu na moto, anaifumua sweta ili aanze upya, na mimi namshikia uzi.

Mkumbatie Atieno.

Mumeo, bado ndani ya leso ya mamako