Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Mama Akiru

Jumatatu, 12 Januari 1981
Nimefagia josho la ng'ombe tena. Kavu. Dawa ya kupe bado iko Eldoret, na barua yangu ya tatu kwa bosi imejibiwa kwamba niwe na subira. Subira! Kesho lori linaleta hapa kituo cha Ziwa ng'ombe wa wahamaji wa kaskazini waliomalizwa na kiangazi. Kiangazi chao siku hizi hakiishi, kwa hiyo wafundishwe kufuga kama sisi, mahali pamoja, ndani ya waya. Mimi ndiye mwalimu. Sikuulizwa.

Jumanne, 13 Januari
Wamefika saa nane mchana. Mama Akiru, dada yake, na ng'ombe kumi na mmoja, mbavu nje. Alikuwa na zaidi ya mia. Hawa ndio waliobaki.

Hakushusha hata mmoja. Aliingia kwanza kwenye nyasi, akapitisha mkono, kisha akanisogezea kiganja usoni. Kupe wanatembea.

"Wewe karani, hii nyasi ichomwe kwanza. Ng'ombe yangu haijazoea kupe. Wacha ikule mabua ya mahindi mpaka nyasi mpya itoke."

Vibarua walikuwa wamesimama pale pale. Mmoja akacheka. Miaka miwili nimesomea mifugo, halafu mtu asiyejua hata kuandika jina lake ananifundisha kazi mbele ya vibarua! Nikamwambia malisho ya serikali hayachomwi. Geti nikafungua mwenyewe.

Jumatano, 14 Januari
Alisema kweli. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Ng'ombe wa huku wamezoea kupe tangu wakiwa ndama. Wake wametoka kwenye vumbi. Niliulizwa swali hilo hilo kwenye mtihani, nikalipata.

Bado naweza kuwatoa. Lakini nikiwatoa leo, kesho vibarua watanipanda kichwani. Hapana.

Jumatatu, 26 Januari
Tezi chini ya masikio zimevimba. Watatu hawali. Josho bado kavu.

Mama Akiru anakaa mlangoni pa ofisi tangu asubuhi, ananitazama tu. Nikipita anatema mate. Namchukia mama huyu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 30 Januari
Nimeenda Eldoret kwa bosi. Nikamwambia ni homa ya kupe, anipe dawa leo. Akainuka, akafunga mlango.

"Ukisema mpango umeanguka, unasema serikali imeanguka. Ndiyo unasema hivyo? Andika ni udhaifu wa kiangazi."

Nikaandika. Nikatia sahihi. Akanipa chai, nikanywa.

Mwoga. Mwoga kabisa.

Jumatano, 4 Februari
Saba wamekufa. Nyasi inafika magotini na wanafia humo humo, povu puani. Kiangazi kilishindwa kuwaua.

Leo Mama Akiru alinipiga fimbo begani, mara mbili, mbele ya wote. Sikumzuia. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 6 Februari
Kumi. Bosi ametuma salamu. Wageni kutoka Nairobi watakuja kuona mpango, nipake geti rangi. Nimewaambia vibarua wapake. Bega bado linauma, na linastahili.

Jumapili, 8 Februari
Wa mwisho, jike jeupe, alichinjwa asubuhi kabla hajaanguka mwenyewe. Sheria inataka nyama hiyo izikwe. Nikawaacha wagawane.

Kwao mtu aliye karibu hanyimwi nyama, hata yule asiyependwa. Mama Akiru mwenyewe alileta sehemu yangu, mbavu mbili ndani ya sufuria. Akaiweka kizingitini, akaondoka bila salamu. Nimezichemsha. Nimekula zote, bila chumvi.

Mchana nikaosha sufuria, nikaipeleka. Walikuwa wanafunga mizigo, wanarudi kaskazini kwa miguu. Nikamwambia ile siku ya lori nilijua habari ya kupe.

"Hata mimi nilijua unajua," akasema.

Akapokea sufuria, akatazama kama imetakata, akaipanga kwenye mzigo.