Mawe Meusi Uliyoyabeba, Tata

Tata,

Wewe hata kaburini unasumbua watu! Nasema kwa upendo, mimi binti yako Kokugonza, na miguu inaniuma kwa sababu yako.

Unayakumbuka yale mawe yako meusi? Yale mazito yenye vitundu, uliyokuwa ukishuka nayo mlimani kila Jumamosi kwenye mfuko wa mbolea, ukayarundika nyuma ya nyumba. Ulisema ni masalia ya wahunzi wa zamani walioyeyusha chuma huko juu. Tulicheka sana. Baba mdogo Rwekaza ndiye aliyezidi: "Wenzake wanachuma kahawa, kaka yangu anachuma mawe." Wewe ukaniambia mimi, "Siku ukija, twende nikuonyeshe." Nami na ualimu wangu huko Ijuganyondo nikawa najibu kila mara, "Likizo ijayo, Tata."

Basi likizo hii wamekuja watafiti wa malikale kukagua milima yetu hapa Muleba, wakaomba watu wa kujitolea. Nikajitokeza wa kwanza. Nikasimama mbele ya mkutano wa kijiji, nikaapa kwamba baba yangu hakuwa mwongo, chuma kiliyeyushwa kwenye kilima chetu. Baba mdogo akasema, "Haya, tutaona."

Kazi yenyewe ni kutembea tu. Mnajipanga mstari, hatua tano kati ya mtu na mtu, mnakodolea macho ardhi kama mliodondosha sindano. Ukiona kitu unachomeka kibendera. Siku tisa, Tata! Mimi nilichomekea bendera kipande cha sufuria, kinyesi cha mbuzi kilichokauka, na soli ya kiatu ambayo nadhani ilikuwa yako. Jiwe jeusi hata moja sikuliona. Na kila jioni baba mdogo ananisubiri njiani: "Mwalimu, vipi, chuma kimepatikana?" Siku ya tisa kiongozi wetu akaniambia kwa upole kwamba kesho wanahamia kilima kingine. Nililia. Niliona unakufa mara ya pili, na safari hii unakufa mwongo.

Mama akaona aibu wageni waondoke bila kula. Akawapikia ndizi na maharage, akawapa na kahawa ya kutafuna. Aliposikia kiongozi anaitwa Daktari, akamwonyesha goti lake. Maskini, mtaalamu wa vigae vya vyungu vya kale akalitazama kwa heshima zote, akamshauri apumzike. Kisha akaomba akusalimie kaburini, maana nilikuwa nimemchosha kwa habari zako.

Akapiga magoti. Hakuinuka. Mama akaninong'oneza, "Huyu anamcha Mungu kweli," akaanzisha wimbo wa msiba, tukaitikia. Kwenye ubeti wa tatu Daktari akatoa mwiko wake mdogo, akaanza kukwangua chokaa ukingoni mwa kaburi lako. Wimbo ukakatika.

Ni sisi, Tata. Ulipofariki tulihitaji mawe ya kuzungushia kaburi, tukachukua rundo lako lote, tukalipaka chokaa lipendeze. Siku tisa natafuta mlimani kitu ambacho ulikwisha kukibeba chote, nami nilikipaka rangi kwa mkono wangu huu! Daktari akasema hayo ni mavi ya chuma, ndivyo yanavyoitwa, makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa. Mama akaja juu: "Mzee wa kanisa tumemzungushia nini?" Baba mdogo akalishika moja, akakaa chini, akaanza kulikwangua chokaa kwa ukucha.

Alhamisi watakuja kuyachukua. Mama amekubali, ila moja libaki upande wa kichwa, na waweke matofali mazuri. Kwenye fomu wameuliza nani aliyeyagundua. Nimeandika jina lako zima, hadi la ubatizo. Chini yake wameuliza yaliokotwa wapi. Daktari akanitazama. Mama akanitazama. Hata baba mdogo.

Sijui, Tata. Ulitaka kunionyesha. Mimi nikasema likizo ijayo.

Pumzika, mzee wangu mbishi. Nafasi ile kwenye fomu nimeiacha wazi. Kila Jumamosi nitapanda kilima na mfuko wako wa mbolea, mtupu, mpaka nipaone mahali ulipokuwa unainama.

Kokugonza wako