Nani Afunge Kwanza

Furaha mjukuu wangu,

Hapa Kigoma tuko salama. Shangazi yako amejifungua msichana. Umeuliza kama wewe na kaka zako mgawane kampuni ya baba yenu huko Zambia: malori, hoteli, mashamba.

Kisangani, miaka ya hamsini, Papa, baba yetu, aliwagawia kaka zangu mashua, tanuri la mikate na duka. Mama alipofariki niliwasihi wafunge biashara zao siku ya maziko.

"Bon, afunge kwanza ule wa duka," alisema wa mashua.

"Mimi? Aanze wa mukate!"

Hakuna aliyekubali kupata hasara peke yake. Wavuvi waliomuuzia Mama samaki ndio walioacha mitego mtoni, wakaja. Papa akawaambia, "Mubebe jeneza ninyi. Watoto yake iko na kazi."

Koko wako