Torshi yenye haikuchoma plastiki

Nyabiondo, siku ya ine, mangaribi

Hapana, ule papa mwenye kuleta torshi amenidanganya.

Asubui alinileteya bastola ya kuchezea, ile ya plastiki yenye kurusha turisasi twa plastiki, na torshi kadogo kamefungwa chini ya mdomo wake. Eti ni ya mutoto wake. Eti torshi inapata moto sana, niitengeneze.

"Papa, mutoto anaiwashaka kila siku?"

"Kila siku, mama. Tangu Noeli."

Akaenda. Nikaiwasha pa meza. Dakika tano tu, vidole vyangu vikaungua, na plastiki pale karibu ikaanza kulegea. Lakini mbele niiwashe, ile plastiki ilikuwa safi, haina hata alama moja. Tangu Noeli? Muongo! Ile torshi ilikuwa inakaa juu ya chuma, juu ya bunduki ya kweli. Na ilipopata moto, ikatoa harufu ya baruti. Ile harufu, hapa kwetu hakuna muntu haijue.

Waaskari wakikuja kupekua atelier yangu ya kutengeneza vitu, nitawaambia nini?

Lakini mwenye ananikasirisha zaidi njo miye mwenyewe. Kila kitu napokea, nakibandikaka plasta yenye jina ya mwenyewe. Nilipomuuliza jina, alicheka: "Andika tu yako, mama. Mimi nitaijua." Watu walikuwa wengi, nikaandika, nikabandika kando ya torshi.

Sasa nataka kuitosha ile plasta. Gundi imeyeyuka na ule moto, imeshikana na plastiki. Nakwaruza na wembe, nakwaruza tena.

Jina yangu ingali inasomeka.